Pima Mwenyewe: Nishati, Wati na Umeme kwa Maltimita, Saa na Mita ya Ukutani

Hesabu nyingi za umeme huharibika mahali pamoja: mtu hutaja wati akimaanisha nishati, au hutaja nishati akimaanisha wati. Ukiuliza "friji hii inakula wati ngapi kwa mwezi?" hutapata jibu la kweli, kwa sababu wati haihesabiwi kwa mwezi. Tutaanzia hapo, tupite kwenye betri na balbu ambako hakuna hatari, kisha tufike kwenye mita ya ukutani. Kwa kila kipimo tumeweka namba ya kutarajia, ili ujue mapema kama chako kimekwenda kombo.

Vipimo vyenyewe

Nishati, ambayo wengine huiita kawi, hupimwa kwa jouli. Jouli moja ni kazi inayofanyika pale kani ya nyutoni moja inaposukuma kitu umbali wa mita moja. Kunyanyua kitu cha gramu 100 hadi urefu wa mita moja hugharimu karibu jouli moja, kwa hiyo ni kiasi kidogo mno. Wati moja ni jouli moja kwa kila sekunde. Jouli ni kama umbali uliosafiri, wati ni mwendokasi wako. Taa ya wati 9 iliyowaka usiku kucha inaweza kula nishati nyingi kuliko pasi ya wati 1,000 iliyowashwa dakika tano.

Ukizidisha wati kwa sekunde unapata jouli. Ukizidisha wati kwa saa unapata wati-saa, na wati-saa moja ni jouli 3,600. Kilowati-saa moja, yaani ile "uniti" unayonunua, ni jouli 3,600,000. Ni kilowati mara saa. Anayesema "kilowati kwa saa" anagawanya badala ya kuzidisha, na hesabu yake yote inayofuata itapotea.

Nishati ina sura nyingi: ya mwendo, ya kitu kilichoinuliwa juu, ya joto, ya mwanga, ya sauti, ya umeme, ya nyuklia, na ya kemikali iliyo ndani ya betri, mafuta na chakula. Haiundwi wala haipotei, hubadilika sura tu, na karibu kila inapobadilika sehemu yake huishia kuwa joto ambalo hukulihitaji. Orodha hiyo umeisoma shuleni na haikusaidii kitu mpaka uweke namba.

Chukua ndoo ya maji ya lita 20 uipandishe ghorofani, mita 10 kwenda juu. Kazi ni kilo 20 × 9.81 × mita 10, yaani jouli 1,962. Sasa, lita moja ya maji inahitaji jouli 4,186 ili ipande joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Nishati yote uliyomwaga kwenye ile ndoo, ukiitia katika lita moja tu ya maji, haiyapandishi hata nusu nyuzi. Ndiyo maana unapotafuta kinachokula umeme ndani ya nyumba, unaanza na vinavyopasha joto: birika, hita ya maji, jiko, pasi. Redio na chaja ya simu zinasingiziwa sana.

Namba nyingine tatu za kulinganishia. Mtu anayekula kilokalori 2,000 kwa siku anapata jouli milioni 8.4, ambazo zikigawanywa kwa saa 24 ni wastani wa wati 97. Lita moja ya mafuta ya taa ina jouli milioni 35 hivi, karibu kilowati-saa 10. Betri moja ya AA ya alkali ina wati-saa 3 hivi, yaani jouli elfu 11. Betri ndogo ni njia ghali ajabu ya kubeba nishati.

Vifaa

Utahitaji maltimita ya kidijitali, betri mbili za AA za alkali pamoja na kishikio chake, balbu mbili za tochi za zamani zenye waya mwembamba unaowaka ndani (zilizoandikwa 2.5 V 0.3 A kitakoni) na vishikio vyake, nyaya fupi zenye vibanio, betri moja ya volti 9, LED nyekundu, na rezista (kijipande cha kuzuia mkondo) ya omu 390. Kwa kazi ya nyumbani ongeza saa yenye sekunde, kipimajoto na jagi lenye alama za lita.

Maltimita ya bei ya chini inatosha kwa betri. Kwa umeme wa nyumbani haitoshi: hapo tafuta iliyoandikwa CAT III 300 V (daraja la usalama) au zaidi karibu na matundu yake, yenye vijiti vya kupimia visivyo na nyufa na vyenye ukingo wa kuzuia kidole kuteleza.

Hatua ya 1: saketi na volteji

Volteji ni msukumo wa umeme, hupimwa kwa volti. Weka betri mbili kwa mfuatano, chanya ya moja ikigusa hasi ya nyingine. Kabla ya kuunganisha balbu, chomeka kijiti cheusi kwenye tundu lililoandikwa COM na chekundu kwenye tundu la V. Zungusha swichi ya maltimita hadi 20 kwenye upande wa mkondo mnyoofu (umeme wa betri), ule wenye alama ya V na mstari ulionyooka juu ya vistari. Gusa ncha mbili za kishikio. Betri mpya zitasoma kati ya volti 3.0 na 3.2. Alama ya kutoa ikitangulia namba, umebadilisha pande tu, hakuna kilichoharibika.

Sasa unganisha balbu iwake, na upime tena palepale. Tuseme mwanzo ilikuwa 3.1 na sasa ni 2.8. Zile volti 0.3 zimebaki ndani ya betri zenyewe, kwenye ukinzani wao wa ndani (jinsi zinavyozuia umeme kupita, hupimwa kwa omu), na kidogo kwenye vibanio.

Kipimo hiki cha pili ndicho chenye maana. Betri iliyochoka husoma volteji nzuri ikiwa haina mzigo, halafu huporomoka ukiiwekea kazi. Mtu anapima betri ya rimoti, anaona 1.4, anasema nzima, kisha anafungua rimoti bure. Pima betri ikiwa kazini. Betri moja ya alkali inayoshuka chini ya volti 1.1 ikiwa na balbu imekwisha kwa matumizi mengi. Zile za kuchajiwa za NiMH ni tofauti: volti 1.2 ndiyo hali yao ya kawaida.

Hatua ya 2: mkondo

Mkondo ni wingi wa umeme unaopita kwenye waya kila sekunde, hupimwa kwa ampea. Hapa ndipo maltimita nyingi hufia.

Volteji hupimwa kwa kugusa sehemu mbili za saketi inayofanya kazi. Mkondo hauchukuliwi hivyo. Lazima ukate saketi na kuiweka maltimita katikati, ili mkondo wote upite ndani yake. Na kwa kuwa maltimita ikiwa kwenye ampea ina ukinzani unaokaribia sifuri, ukiigusisha moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri umefanya shoti. Kwa AA unaunguza fyuzi ndogo ya ndani. Kwa betri ya gari unayeyusha nyaya. Kwenye soketi ya ukutani kifaa kinaweza kupasuka mkononi, kwa sababu maltimita nyingi za bei ya chini hazina fyuzi kabisa kwenye tundu la 10A.

Utaratibu ni huu:

1. Zima saketi kwa kutoa betri moja.
2. Hamisha kijiti chekundu kwenye tundu la 10A na uzungushe swichi hadi 10A ya mkondo mnyoofu.
3. Achanisha waya mmoja wa balbu. Kibanio cha waya kiguse kijiti kimoja, mguu wa balbu uguse kijiti cha pili.
4. Rudisha betri. Soma. Kwa balbu yetu tarajia ampea 0.30 hadi 0.33.
5. Toa betri, kisha papo hapo rudisha kijiti chekundu kwenye tundu la V, kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Hatua ya tano si ya mapambo. Kosa linalorudiwa zaidi ni kupima mkondo leo, kuweka maltimita kabatini, kisha kesho kuitoa kupima volteji huku kijiti bado kiko kwenye 10A.

Kwa nini tusitumie kipimo cha 200mA? Kwanza, mkondo wetu umezidi. Pili, hata kwa mkondo mdogo, kipimo hicho huwa na ukinzani wa omu moja hivi ndani yake. Ukiuweka kwenye saketi ya volti 3 balbu inafifia kwa macho, na unachosoma ni mkondo wa saketi uliyoiharibu mwenyewe. Na ikiwa upande wa milliampea unasoma sifuri kwa kila kitu, fyuzi imeungua. Fungua mgongo wa maltimita uibadilishe kwa fyuzi ya ukubwa uleule. Usiweke kipande cha waya.

Hatua ya 3: ukinzani, na mtego wa balbu

Ukinzani hupimwa kifaa kikiwa hakina umeme kabisa na kimetolewa kwenye saketi. Maltimita hutumia betri yake kupitisha mkondo mdogo. Ukiwa na umeme mwingine humo, namba ni ya uongo na kifaa kinaweza kuungua. Gusisha vijiti viwili kwanza uone nyaya zake zenyewe zina omu ngapi, mara nyingi 0.2 hadi 0.5, na uitoe namba hiyo kwenye kila kipimo kidogo.

Toa balbu uipime. Utaona omu moja hivi, pengine moja na nusu. Sasa fanya hesabu ya kanuni ya Ohm, ambayo Georg Ohm aliichapisha mwaka 1827: volteji ni mkondo mara ukinzani. Balbu ilikuwa na volti 2.8 na ampea 0.32, kwa hiyo ukinzani ni 2.8 ÷ 0.32, karibu omu 8.8. Vipimo viwili vya balbu moja vimepishana kwa mara sita au zaidi, na vyote ni sahihi. Waya wa tangsteni ukiwa baridi una ukinzani mdogo sana. Ukifika nyuzi zaidi ya 2,000 ukinzani hupanda. Ndiyo sababu balbu za aina hii huungua zaidi wakati wa kuwashwa: kwa sehemu ndogo ya sekunde zinavuta mkondo mara nyingi zaidi ya kawaida.

Kanuni ya Ohm, basi, usiitumie kwa kipimo cha baridi juu ya kitu chenye moto. Vipashio vya birika na pasi havina shida hiyo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu aloi ya nikeli na kromiamu hubadilika kidogo tu kwa joto. Birika la wati 2,000 kwa volti 230 lina ukinzani wa 230 × 230 ÷ 2,000, yaani omu 26. Likiwa limechomolewa, pima kati ya pini mbili za plagi huku swichi yake imebonyezwa. Ukiona omu 26 hivi, kipashio ni kizima. Maltimita ikionyesha OL au 1 upande wa kushoto peke yake, kuna mahali pamekatika: swichi, kipashio, waya au fyuzi ya plagi.

Hatua ya 4: nguvu na nishati ya saketi yako

Wati ni volti mara ampea. Balbu yetu: 2.8 × 0.32 = wati 0.9. Kwa saa moja inatumia wati-saa 0.9, au jouli 3,240. Betri mbili zina wati-saa 6 kwa jumla, kwa hiyo tarajia saa sita hivi, taa ikififia taratibu kuanzia saa ya kwanza. Sehemu kubwa ya nishati hiyo imetoka kama joto. Mwanga ni asilimia chache tu.

Ukiunganisha balbu ya pili kwa mfuatano, zote zitafifia, na ukiitoa moja nyingine inazimika. Vitabu husema mkondo utakuwa nusu. Pima: utapata zaidi ya nusu, karibu ampea 0.2, kwa sababu waya za balbu sasa zina joto dogo na ukinzani wake umeshuka. Ukiziunganisha sambamba, yaani kila balbu ikiwa na njia yake hadi betri, kila moja inapata volteji karibu yote na betri inatoa mkondo karibu mara mbili, hivyo inaisha kwa nusu ya muda. Nyumba zote hufungwa sambamba. Ndiyo maana kuzima taa ya sebuleni hakuzimi friji.

LED haivumilii kuunganishwa hivihivi. Ikishafika volteji yake, takriban volti 2 kwa nyekundu na 3 kwa nyeupe, mkondo hupanda ghafla mpaka iungue. Inahitaji rezista mbele yake. Kwa betri ya volti 9 na LED nyekundu inayotaka ampea 0.02: (9 − 2) ÷ 0.02 = omu 350. Rezista ya 350 haiuzwi kwa kawaida, chukua ya juu yake, 390, na mkondo utakuwa ampea 0.018. Rezista itapoteza 7 × 0.018, yaani wati 0.13, kwa hiyo ya robo wati inatosha. Mguu mrefu wa LED uende chanya. Ukikosea pande haiwaki, na kwa volti 9 inaweza kuharibika, maana LED za kawaida huvumilia volti 5 tu kinyume.

Kabla ya kugusa umeme wa nyumba

Ngozi iliyolowa huacha ukinzani wa mwili ushuke hadi omu 1,000 hivi. Volti 230 hapo ni ampea 0.23. Kuanzia milliampea 10 hivi misuli ya mkono hukaza na mtu hawezi kuachia. Kuanzia milliampea 30 moyo unaweza kuvurugika mapigo ukiendelea kupitishiwa. Fyuzi au breka ya ampea 16 haitaona lolote, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya usiungue. Kinachomlinda mtu ni kile kikata umeme cha uvujaji cha milliampea 30, chenye kitufe cha T. Kibonyeze mara kwa mara, kisiporuka, kimekufa.

Vipimo vinavyofuata tumevichagua kwa makusudi ili usifungue kitu chochote chenye umeme. Ukilazimika kuhakikisha sehemu haina umeme, pima kwanza mahali unapojua kuna umeme, kisha sehemu yenyewe, kisha rudi pale pa kwanza. Maltimita iliyokufa katikati ya kazi huonyesha sifuri nzuri kabisa. Na taa iliyozimwa haimaanishi kishikio chake ni salama: kama fundi aliweka swichi kwenye nyutro (waya wa kurudi) badala ya waya hai, taa huzimika lakini kishikio kinabaki na umeme. Zima kwenye breka.

Hatua ya 5: mita ya ukutani kama chombo cha maabara

Mita ya kidijitali ina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Karibu nayo pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, au 1600, au 3200. Hiyo ni idadi ya mipepeso kwa kilowati-saa moja. Kwa mita ya 1000, kila mpepeso ni wati-saa moja, yaani jouli 3,600.

1. Zima na uchomoe kila kitu. Subiri dakika kumi. Taa ikiendelea kupepesa, kuna kifaa umekisahau, au umeme unavuja mahali. Zima breka moja moja ujue ni upande gani.
2. Washa kifaa kimoja tu.
3. Taa ikipepesa, anzisha saa na useme "sifuri". Unaofuata ni "moja". Anayeanza kuhesabu kwa "moja" anajiongezea mpepeso ambao haukuwepo, na ukihesabu mipepeso mitano tu hilo ni kosa la asilimia 20.
4. Wati = 3,600,000 × mipepeso ÷ (namba ya mita × sekunde).

Mipepeso 10 kwa sekunde 20 kwenye mita ya 1000 ni wati 1,800. Kwa mita ya zamani ya kisahani, tumia namba ya mizunguko kwa kilowati-saa: kisahani cha mizunguko 600 kikizunguka mara moja kwa sekunde 30 ni wati 200. Kwa kifaa kidogo kama taa ya wati 9, mpepeso mmoja wa mita ya 1000 huchukua sekunde 400. Washa taa kumi pamoja, upime, ugawanye kwa kumi.

Hatua ya 6: birika, kutoka umeme hadi joto

Jaribio hili ndilo tunalolipenda zaidi, kwa kuwa linapima sura mbili za nishati kwa pamoja. Weka lita moja kamili ya maji, pima joto lake, washa, na hesabu sekunde na mipepeso mpaka yachemke kweli.

Tuseme maji yalianza nyuzi 22. Joto lililoingia ni 4,186 × 1 × 78, karibu jouli 326,500. Birika la wati 2,000 lilichukua sekunde 190, yaani jouli 380,000. Gawanya: asilimia 86. Iliyobaki ilipasha birika lenyewe, ikatoka na mvuke, ikaenda hewani. Ukipata zaidi ya asilimia 100, usishangilie; ama maji hayakufika lita, ama umeamini wati zilizoandikwa kwenye kibati badala ya zile za mita. Ukipata chini ya 70, angalia chumvi nyeupe iliyoganda juu ya kipashio, au kifuniko kisichofunga. Kwenye nyanda za juu maji huchemka mapema, pungufu ya nyuzi moja hivi kwa kila mita 300, kwa hiyo tumia joto ulilosoma na si 100 ya kitabuni.

Wati za kwenye kibati ni za volteji fulani. Birika la wati 2,000 kwa volti 240, likipata 210, linatoa (210 ÷ 240) × (210 ÷ 240) × 2,000, yaani wati 1,531. Maji yatachelewa, lakini nishati ya kuyachemsha ni ileile na kidogo tu ya ziada. Umeme hafifu unakula muda wako kuliko uniti zako, kwa vipashio. Kwa mota ni kinyume: mota ya friji ikikosa volteji huvuta mkondo zaidi, hupata joto, na huweza kuungua.

Friji, mota na mtego wa VA

Friji ya wati 150 haitumii wati 150 kwa saa 24. Kompresa huwaka na kuzima. Soma mita, acha friji peke yake usiku mzima, soma tena. Na usiipime saa ya kwanza baada ya kuiwasha ikiwa na vitu vya moto.

Kwa mkondo geu, yaani umeme wa ukutani, volti mara ampea hutoa VA (volti-ampea), ambayo kwa mota na chaja nyingi ni kubwa kuliko wati halisi. Mota inayosoma ampea 1 kwa volti 230 ina VA 230, lakini wati zake zinaweza kuwa 140 tu. Mita ya nyumbani huhesabu wati. Inveta na jenereta hubanwa na VA, tena zinatakiwa kuvumilia mkondo wa kuanzia wa mota, ambao hufika mara tano hadi saba ya kawaida. Ukitumia mita ya kubana waya, bana waya hai peke yake. Ukibana kebo nzima, mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana na utasoma sifuri.

Betri kubwa na pawabenki

Ampea-saa si nishati mpaka uizidishe kwa volti. Betri ya asidi ya 12 V 100 Ah ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu: 600. Iache ipumzike saa kadhaa bila chaja wala mzigo, kisha pima: volti 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu hivi, 11.9 umeivuka mipaka.

Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 hupimwa kwa volti 3.7 za seli yake, hivyo ina wati-saa 37. Ikipandisha hadi volti 5 inapoteza kiasi njiani, na simu inapata mAh 6,000 na ushee. Hapo hujaibiwa. Ile iliyoandikwa 50,000 na ina uzito wa gramu 200, hiyo ndiyo ya kutilia shaka: seli za lithiamu hubeba takriban wati-saa 250 kwa kilo, kwa hiyo gramu 200 haziwezi kubeba wati-saa 185.

Ekstensheni na plagi zinazochemka

Shaba ya unene wa milimita mraba 1 ina ukinzani wa omu 0.0172 kwa mita. Ekstensheni ya mita 20 ina mita 40 za waya, kwenda na kurudi: omu 0.69. Ukipitisha ampea 10, unapoteza volti 6.9 na wati 69 zinageuka joto kwenye kebo. Ikiwa imenyooshwa sakafuni, joto hilo linatawanyika. Ikiwa imeviringishwa kwenye gurudumu lake, linajikusanya katikati mpaka plastiki inalainika. Ifungue yote kila inapobeba hita au jiko, hata kama kifaa kiko mita mbili tu.

Joto likiwa kwenye plagi na si kwenye kebo, tatizo ni mguso uliolegea. Mguso wenye omu 0.5 kwa ampea 10 unatoa wati 50 mahali padogo kuliko ncha ya kidole, na kila inavyochemka ndivyo chuma kinavyopata kutu na kulegea zaidi. Baada ya nusu saa ya kazi nzito, zima, chomoa, uguse pini. Zikichoma, au zikiwa zimebadilika rangi, badilisha soketi na plagi vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu pini iliyoungua huharibu soketi mpya kwa haraka ileile.